Upande wa Kushoto wa Valiant

Sajenti Radebe alimshauri Bosibori asijichafue nguo bure, kesi yenyewe imekwisha iva. Fundi alikuwa rumande. Gari lilikuwa hapo uani kwa polisi, sehemu ya nyuma imeinuliwa juu ya vigingi vya chuma, magurudumu yananing'inia. Na ushahidi wenyewe alikuwa nao mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Tazama," alisema, akiutikisa ule mfuko. "Hili pande tuliliokota barabarani, karibu na ukuta. Aluminiamu. La upande wa kulia bado limo garini, na hilo ni chuma kitupu. Fundi gani anaweka vitu viwili tofauti kwenye gari moja?"

"Fundi mwizi," Bosibori alijibu.

"Eish, umeona dada? Tumekubaliana."

Hawakuwa wamekubaliana. Bosibori alikuwa na desturi ya kumpa mtu jibu analolitaka ili amwachie nafasi ya kufanya kazi. Alikuwa mpelelezi wa ajali wa kampuni moja ya bima mjini Johannesburg, Mkenya aliyeanzia kazi hiyohiyo Kisumu, na kote huko alijifunza kuziogopa kesi zinazoiva mapema. Alitandika katoni chini, akavaa glavu, akalala chali na kujisukuma chini ya gari.

Lilikuwa Valiant la mwaka wa sitini na saba, jeupe, refu, gari ambalo nusu ya maharusi wa Kikongo wa mtaa wa Berea walilitamani. Jumamosi iliyopita lilikuwa limewabeba bwana na bibi harusi pamoja na marraine wao, yule mama anayewasimamia wanandoa, kuelekea kanisani. Penye mteremko, kwenye kona, ekseli ya nyuma ilihama mahali pake na gari likaenda kujibamiza ukutani. Bibi harusi alivunjika mkono. Dereva, Exaucé, alifia palepale kwenye usukani. Kama wiki moja tu kabla ya hapo, fundi Octave wa Bertrams alikuwa amelifumua gari hilo nyuma yote, akazitengeneza upya springi na kulishusha chini kama mwenye gari, Josiah, alivyotaka. Kesho asubuhi Octave angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Alikuwa na karatasi ya ukimbizi, ile ya kuombea muda kila mara, na mtu wa karatasi hiyo hapewi dhamana kwa urahisi.

Springi za Valiant si zile za kuzunguka kama konokono. Ni mabamba marefu ya chuma yaliyolaliana, yameshikwa kwa mbele na boliti moja nene inayopita katikati ya mpira. Ekseli hukaa juu ya mabamba hayo. Anayetaka gari lishuke huingiza pande la chuma baina ya springi na ekseli, kisha huvibana vyote pamoja kwa boliti zilizopindwa mfano wa herufi U.

Upande wa kushoto boliti hizo za U zilikuwa zimepoteza nati zote. Bosibori alipitisha ukucha juu ya nyuzi zake. Zilikuwa nzima isipokuwa mwishoni kabisa, ambako zilikwaruzika. Maana yake nati zilishika ncha tu. Lile pande la aluminiamu lilikuwa nene kuliko lenziwe la chuma, na boliti hazikutosha.

"Boliti fupi, pande nene," alisema kwa sauti.

"Ndiyo nimekwambia," alijibu Radebe kutoka juu. "Bahili yule."

Bosibori alichukua spana, akaanza kuifungua ile boliti nene ya mbele, upande wa kulia. Nati ilikuwa ngumu. Alipoilegeza, springi nzima iliruka, spana ikamtoka mkononi na kumgonga kidole. Alitukana kwa Kigusii.

"Umeona!" Radebe alicheka. "Hata upande mzima ni mbovu."

Akahamia kushoto. Huko nati ililegea kwa utulivu. Hakuna kilichoruka, hakuna kilichojikunja. Boliti ilitoka kwa mkono kana kwamba imekuwa ikingoja kutolewa. Lakini mpira wake, ambao ulikuwa mpya kabisa, ulikuwa umechanika kwa mzunguko, wakati ule wa kulia ulitoka mzima.

Bosibori alibaki amelala hapo chini kwa muda, mpira mmoja kila mkono. Upande ulioruka ulikuwa na mpira mzima. Upande uliotulia ulikuwa na mpira uliochanika. Jambo hilo lilimkera, na alipenda kukerwa hivyo, kwa sababu kwake kero ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa kazi.

Akajisukuma nje. "Nitasaini kuchukua hivi viwili," alisema. "Na nataka kumwona fundi."

* * *

Octave alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, na rumande ilikuwa imemzidishia wembamba. Walimleta kwenye chumba chenye meza na viti viwili. Alimsalimu Bosibori kwa Kiswahili cha Bukavu, kisha akaketi kusubiri.

"Mapande ya kushushia gari ulitoa wapi?" Bosibori alianza.

"Nilikata miye mwenyewe. Yote mbili, mu chuma moja."

"Polisi wameokota la aluminiamu."

"Ile haiko yangu, Madame."

"Wanasema unadanganya."

"Banasema."

"Boliti za mbele za springi, zile zenye mpira, ulizikaza gari likiwa juu ya jeki au chini?"

Octave akamtazama kwa mara ya kwanza. "Chini. Magurudumu inagusa udongo. Na uzito ndani. Nikifunga ikiwa juu, kauchu, ile mpira, itajinyonga siku motokari inashuka, itapasuka mbio."

Bosibori aliiona ile mipira miwili upya kichwani mwake, ikakaa sawa. Mpira hushika mkao uliofungiwa. Ukifungwa gari likiwa limebeba uzito, hutulia likiwa na uzito, na ukiliinua gari hujinyonga na kutaka kuruka. Huo ndio wa kulia. Wa kushoto ulitulia gari likiwa hewani, kwa hiyo ulifungiwa hewani, ukajinyonga tangu gari liliposhushwa, ukachanika. Mikono miwili tofauti ilikuwa imelifunga gari hilo. Au mkono mmoja uliokuwa mwangalifu upande mmoja na mzembe upande wa pili, na hilo ndilo hakimu angelipenda zaidi.

"Uzito gani ulitia ndani?" aliuliza.

Fundi alisita. "Mifuko ya mchanga."

"Mingapi?"

"Mingi."

"Iko wapi sasa?"

"Nilitupa."

"Ulitupa mchanga?"

"Ndiyo."

Bertrams, ambako kila nyumba ya pili inazibwa ufa au kuongezwa chumba, hakuna anayetupa mchanga. Bosibori alijua anadanganywa, na uso wa Octave ulijua kwamba anajua.

"Nani alikuwepo ulipokuwa unakaza?"

"Hakuna mutu." Jibu lilikuja kabla swali halijaisha.

"Octave, kesho ni mahakamani. Mtu mmoja tu aliyekuona ukikaza upande wa kushoto gari likiwa chini anaweza kukutoa humu."

"Niko najua kesho iko nini."

"Basi nipe jina."

"Nilikuwa peke yangu, Madame. Andika vile."

Alisimama mwenyewe kabla hajaambiwa, akamfuata askari. Bosibori alikasirika. Alikuwa amezoea watu wanaodanganya ili wajiokoe. Huyu alikuwa anadanganya ili azame, na hakujua amweke kundi gani.

* * *

Gereji ya Octave ilikuwa ua mmoja tu nyuma ya saluni ya mkewe, Léocadie, mtaani Bertrams. Bosibori aliingia kwa mlango wa mbele wa saluni. Walikuwemo wasusi watatu na mteja mmoja mwenye nywele zilizosukwa nusu. Alipojitambulisha na kutaja neno upelelezi, wasusi wakakumbuka kwa pamoja kwamba wana shughuli. Mmoja alikwenda kuteka maji, mwingine akamfuata kumsaidia, wa tatu hakujisumbua hata kutoa sababu. Mlango wa uani ulibamizwa nyuma yao. Mteja alibaki na kichwa chake cha nusu, akimtazama Bosibori kwa chuki kwenye kioo.

"Umefukuza batu yangu," alisema Léocadie. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, na macho yake yalionyesha hakulala.

"Mimi si mtu wa uhamiaji, Maman Léocadie. Niko bima."

"Bima, uhamiaji, polisi. Wote mnakuya na kalamu."

Bosibori aliirudisha kalamu ndani ya mkoba. Alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akaitoa ile mipira na kuiweka juu ya meza katikati ya machanuo.

"Huu mumeo aliufunga gari likiwa na uzito. Huu haukufungwa hivyo. Ameniambia uzito ulikuwa mchanga. Mimi nadhani ulikuwa watu."

Léocadie aliuchukua mpira uliochanika, akaugeuza, akaurudisha. Akafungua maji, akamsafisha mteja kichwa ambacho hakikuhitaji kusafishwa.

"Motokari ya harusi haibebake mchanga," hatimaye Léocadie alisema. "Inabeba batu. Octave anasema, kama nafungia batu, nitapima na batu. Ile siku aliita bane kutoka hapa saluni. Bakakaa ndani na vinywaji yao, banacheka, yeye iko chini anakaza. Kila motokari ya harusi anafanya vile vile."

"Wanne. Na Mama Orpha wa kwaya alikuwemo?" Bosibori alikuwa amemwona mama huyo hospitalini, yule marraine, ambaye kitanda kililalamika alipojigeuza.

Kwa mara ya kwanza Léocadie alitabasamu. "Mama Orpha alikataa kukuya. Basi Octave alisema, marraine anakaaka siku zote kushoto, na marraine wetu bote ni banene, hakuna marraine mwembamba. Akainua springi ya kushoto kidogo. Motokari ikiwa tupu, kushoto iko juu. Marraine akiingia, inakuwa sawa. Ngoja."

Alimwonyesha picha kwenye simu. Valiant lilikuwa limesimama tupu mbele ya saluni siku ya kukabidhiwa, limepigwa kutoka nyuma, na kweli, kushoto kulikuwa juu kwa upana wa vidole viwili. Pembeni alisimama mwenye gari akiwa na funguo mkononi, hana furaha hata kidogo.

"Huyu Josiah alisema nini?" Bosibori aliuliza.

"Alisema motokari iko inachechemea. Octave alimueleza. Akasema sawa, akaenda nayo."

"Nitumie hiyo picha. Na unipe jina la mmoja tu kati ya wale wanne."

Tabasamu likatoweka. "Nikikupa jina, mutu ule anaenda mahakamani. Mahakamani bataanza kumuuliza karatasi. Hana. Bote bane hawana. Kesho bwana yangu anatoka, na bale banapakiwa ndani ya basi kurudishwa. Kule kwao kunaungua, dada. Octave alisema hatataja mutu, na mimi sitataja." Akafungua maji tena. "Na mimi namutaka bwana yangu. Usifikiri simutaki."

Bosibori aliikusanya mipira yake. Aliona aibu kwa jinsi alivyomshuku Octave asubuhi, na aibu hiyo akaigeuza hasira ya kumpelekea mtu mwingine.

* * *

Josiah alikaa Kensington, mtaa wa juu kidogo tu ya Bertrams, katika nyumba ya zamani yenye gereji kubwa kuliko sebule. Alikuwa Mmeru, meneja katika benki, na mwenyekiti wa ushirika wa Wakenya ambao Bosibori alihudhuria. Bosibori alipofika Johannesburg mara ya kwanza, ni Josiah na mkewe Nkatha waliompokea, wakampa chumba hadi alipopata chake. Aliegesha gari lake nje ya geti na kukaa ndani yake kwanza, akijiambia kwamba chumba kile hakikuwa hongo.

"Bosi! Si ungenipigia tu simu?" Josiah, aliyezoea kumkatizia jina, alimkaribisha moja kwa moja gerejini, akiwa ndani ya ovaroli safi. Ndani mlikuwa na gari la pili la zamani, limevuliwa magurudumu. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa, kuanzia ndogo. Nkatha alikuja na chai kwenye sinia, akamkumbatia Bosibori kwa mkono mmoja, akaweka sinia juu ya boneti na kubaki amesimama.

"Pole kwa Exaucé, Baba Kendi," alisema Bosibori.

"Ni Mungu. Kijana mzuri sana yule. Amenifanyia kazi vizuri." Akatikisa kichwa. "Lakini mimi nilijua. Siku nilichukua hiyo gari nilijua huyo fundi si fundi."

"Kwa nini hukuirudisha?"

"Harusi ilikuwa imekaribia. Ungefanya nini?"

"Gari lilikaa hapa mpaka harusi?"

"Hapa hapa. Isipokuwa ile Jumapili kabla ya harusi niliipeleka Newtown, kwa maonyesho ya magari ya zamani. Hakuna mtu aliigusa."

"Ilishinda?"

Uso wa Josiah ukachangamka. Akatoa simu. "Namba mbili. Ingekuwa namba moja, lakini majaji wale wana watu wao." Picha ilikuwa nzuri kwa kweli. Valiant kutoka nyuma, jua linang'aa juu ya bampa, watu wameinama kulitazama. Lilikuwa tupu, na lilikuwa limelala sawasawa kabisa, kushoto na kulia.

Bosibori aliinywa chai yake. Ilikuwa na tangawizi, kama Nkatha alivyojua anaipenda. "Mimi hizi springi zinanichanganya," alisema. "Sajenti anataka ripoti jioni hii na nisiandike upuzi. Hebu nifundishe. Fundi mzuri anamalizaje kazi ya springi?"

Josiah hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alipiga magoti kando ya lile gari la pili, akaonyesha kwa kidole. "Kwanza gari inakaa juu ya vigingi, magurudumu yananing'inia, ndio upate nafasi. Unaingiza springi. Boliti ya mbele unaikaza hapo hapo, yote, na spana ya kupima nguvu, si kwa kukisia. Ukimaliza kila kitu ndio unashusha. Kazi safi." Akasimama, akifuta goti. "Si hao wa Bertrams. Wanajaza watu kwa kiti ya nyuma ndio wakaze boliti! Unaweza amini? Watu wanakunywa soda na mtu yuko chini."

"Nani alikuambia kuhusu soda?"

"Niliona. Nilipitia siku hiyo kuangalia kazi."

"Kwa hiyo ulimwona akikaza gari likiwa chini na watu ndani."

"Nimekwambia. Upuzi mtupu."

"Pande zote mbili?"

"Zote."

Bosibori aliweka kikombe chini, akaitoa mipira na kuilaza kwenye sinia. Akaeleza bila haraka ni upi uliruka na upi ulitulia, na kwa nini. Halafu akaweka simu yake kando ya ile ya Josiah. Kwenye moja Valiant lilikuwa juu upande wa kushoto. Kwenye nyingine lilikuwa sawa.

"Octave alikabidhi gari limeinuka kushoto. Newtown likawa sawa. Aliyeliweka sawa alitia pande nene zaidi upande mmoja tu, la aluminiamu, la kununua dukani. Halikuwa na pini yake ya kulishikiza, kwa hiyo boliti ya katikati, ile inayoshikanisha mabamba ya springi, ikabidi ibadilishwe, na hiyo haibadilishwi mpaka springi itoke yote. Akaitoa. Akairudisha gari likiwa juu ya vigingi, akakaza hapo hapo, yote. Kazi safi. Ila boliti za U aliziacha zilezile za Octave, na kwa unene ule zilikuwa fupi."

Josiah alicheka kidogo. "Springi mpya hushuka zenyewe, Bosi. Zinakaa."

"Upande mmoja?"

"Inawezekana."

"Marraine akiwa bado hajaingia?"

Josiah alichukua kitambaa, akaanza kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu. Nkatha alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Gari ilisimama kama kiwete," Josiah alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeongea na karani mgeni. "Nani anapeleka kitu kama hiyo mbele ya watu? Lakini hiyo ni maoni yangu tu, sijasema nimefanya kitu. Na hizo mipira zako haziwezi simama kortini. Wakili yeyote atasema fundi alikuwa makini upande mmoja akachoka upande wa pili. Utahitaji mtu alimwona akikaza ya kushoto."

"Wewe ulimwona. Umeniambia sasa hivi."

"Nimesahau."

"Wako wengine wanne."

"Waite basi," alisema Josiah, na hapo akamtazama usoni. "Waite waje na karatasi zao."

Bosibori alikuwa amekuja akidhani anashughulika na mtu mwenye hofu. Kumbe mtu huyu alikwisha piga hesabu, akawaona wale wanne ndani ya gari wakiwa na soda zao, akajua ni mashahidi ambao hawatakuja kamwe, akalala usingizi.

"Nikwambie kitu, Baba Kendi," alisema. "Yule fundi anajua hao wanne wangemtoa. Nimemwomba jina moja, amekataa. Atakwenda jela kesho kwa kukataa kutaja majina ya wenzake. Wewe unashindwa kutaja jina moja tu, na ni lako."

"Umekunywa chai yangu?"

"Nimekunywa."

"Basi tuonane Jumapili ibadani. Funga geti ukitoka."

Bosibori aliokota mipira. Hakuwa na zaidi. Picha mbili, mipira miwili na mwanamume aliyesahau. Radebe angecheka, hakimu angetazama saa. Alifika mlangoni.

"Exaucé alipiga simu," alisema Nkatha.

Josiah aliacha kufuta spana.

"Nkatha," alisema Josiah.

"Asubuhi ya harusi. Ulikuwa unaoga, nikapokea mimi. Alisema gari inagonga huku nyuma, kushoto, na maharusi na ule mama wameshaingia, afanye nini. Nikakuuliza kwa mlango wa bafu. Ukasema hiyo si kitu, ni vile ulibadilisha pande, springi bado inazoea. Aendeshe tu pole pole, utaiangalia Jumatatu."

"Mama Kendi, hiyo ni mambo ya nyumba."

"Mimi ndiye nilimwambia aendeshe." Akakiweka kikombe kwenye sinia kwa uangalifu. "Kwa mdomo wangu huu. Nikamwambia, mzee amesema hakuna shida. Akaniambia, asante mum."

Josiah alitupa kitambaa. Alimsogelea mkewe, akasimama karibu naye, si kwa kumtisha, bali kwa sauti ya chini ya mtu anayemkumbusha mwenzake mlango uko wazi na baridi inaingia. "Tuna watoto. Kuna benki. Tuna hiki kibali cha kuishi hapa. Fikiria kwanza."

"Nimefikiria tangu Jumamosi. Nilikuwa nangoja uongee wewe." Akamgeukia Bosibori. "Huyo fundi ana watoto?"

"Sijui," alisema Bosibori, na ilikuwa kweli. Hakuwa amewahi kuuliza. "Ana mke. Nimetoka kwake."

Nkatha aliitikia kwa kichwa. Akavua aproni yake, akaitundika kwenye msumari baina ya spana, akatoka nje kwenye jua bila hata kuingia ndani kuchukua mkoba. Bosibori alimfuata. Nyuma yao Josiah alikuja hadi kizingitini mwa gereji, ovaroli yake bado safi.

"Nkatha! Ukiingia kwa hiyo gari ujue ni mimi unafunga."

Nkatha alikuwa amekwisha shika kitasa cha mlango.

"Kuna mtu ashafungwa, Baba Kendi," alisema, akaingia.